Nimepungua, na Siombi Radhi

Jumapili, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, nguo zetu zimerudi kwenye kamba nyuma ya bweni, na mama mdogo amelala kitandani kwangu, mdomo umefunguka kidogo. Mimi nimekaa sakafuni naandika kwa simu. Nina hasira tangu jana na bado haijaisha, kwa hiyo anayetaka maneno matamu leo apite blogu ya jirani.

Nianze na kosa langu, maana lipo.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu, nyumbani Kikole. Nilikuwa nimetoka kupima uzito zahanati ya chuo na furaha ilinizidi, sikuweza kungoja hata nifike bwenini. Nikamwambia, "Mama, nimepungua. Kilo tisa." Nilisema kwa madaha kabisa, kama mtu anayetangaza amefaulu mtihani. Mama akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata, nikaita halo mara tatu. Ndipo akajibu kwa sauti ya chini, "Haya mwanangu, tumekusikia," akakata simu.

Tumekusikia. Alikuwa peke yake jikoni, lakini alisema tumekusikia.

Nilipaswa kujua. Kwetu mtu hasemi "nimepungua" hivi hivi. Hilo ni neno la kusemwa nyuma ya mlango, juu ya mtu mwingine, na anayelisema hutazama kwanza nani yuko karibu. Fulani amepungua. Nilipokuwa mdogo, wakubwa wakianza kulisema sisi watoto tulifukuzwa tukacheze nje, na baada ya miezi michache tulikuwa tunakula wali wa msiba. Huku chuoni wasichana wanapongezana kwa neno hilohilo. Nimekaa Lindi miaka miwili tu, nikasahau lugha ya nyumbani kwetu.

Jana saa nne asubuhi nikiwa nafua, mlinzi akaja kuniambia nina mgeni getini. Nikamkuta mama mdogo Zainabu, mdogo wake mama, mwanamke asiyesafiri mpaka pawe na harusi au maiti. Amebeba kikapu, ndoo ndogo yenye mfuniko, na jogoo mzima aliyefungwa miguu. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, akatazama shingo, akazunguka nyuma akakagua na huko. Kisha akalia, palepale getini, mbele ya mlinzi na wanachuo waliokuwa wanatoka kwenda sokoni. Jogoo naye akawika, na kuna watu walicheka. Nimewaona, nawajua kwa majina.

Alikuwa ametumwa anichukue. Kikao cha nyumbani kilishakaa bila mimi: nirudi na basi la Jumatatu, nikatibiwe, mambo ya chuo yangoje nikipata nafuu.

Sasa, Jumatano hii ndiyo tunaanza mazoezi ya kufundisha. Nimepangiwa darasa la tatu katika shule ya msingi hapa mjini, na tumeambiwa asiyeripoti siku ya kwanza atarudia mwaka mzima. Mwaka mzima. Nimeshaandaa maandalio ya somo ya wiki mbili na zana zake, nimekata hata maboksi ya tarakimu. Nikamwambia mama mdogo kwa adabu zote, "Siwezi kuondoka, nina mazoezi."

"Hayohayo mazoezi ndiyo yaliyokumaliza," akasema, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba kuna mazoezi ya kukimbia na kuna mazoezi ya kufundisha watoto. Hakuamini. Alimgeukia Tekla, mwenzangu wa chumba, amthibitishie. Tekla ni mtoto wa Kipatimu, mtu wa milimani, hajui kupamba maneno. Akasema, "Ni kweli mama, yapo ya aina mbili. Na yote mawili anayafanya." Mama mdogo akamtazama kama mtu aliyemroga mtoto wake.

Niandike hapa jambo ambalo sijawahi kuliandika, wala nyumbani sikuwa nimelisema.

Mwaka wa kwanza nilinenepa. Siyo kidogo. Kikole nilikuwa napalilia, natwanga, nafuata maji, na hakuna aliyeniambia kwamba hayo ni mazoezi. Nilipofika huku nikakaa. Darasani kukaa, maktaba kukaa, bwenini kulala. Asubuhi maandazi manne, mchana wali wa kantini, jioni chipsi mayai na soda, na kabla ya mtihani soda mbili. Nilikuwa najipongeza kwa kula. Nikifaulu jaribio nakula chipsi, nikifeli nakula chipsi za kujifariji. Baju langu la Idi likabana makwapani.

Nilipokwenda nyumbani kwa Idi ile, ndiyo siku niliyosifiwa kuliko zote maishani. Umenawiri. Chuo kimekukubali. Mama alinizungusha kwa majirani nyumba hadi nyumba, na kila nyumba nikapewa sahani, na kila sahani nikaimaliza. Wakati huo kupanda ngazi za darasani kwetu nilikuwa napumzika katikati, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kichwa kilikuwa kinanigonga kisogoni kila alfajiri. Nilirudi chuo, nikaenda zahanati kuomba panadol, nesi akanivika mashine ya presha. Akaipima mara mbili. Akaniuliza umri wangu. Nikamwambia ishirini na moja, akapima mara ya tatu.

Sikumwambia mtu nyumbani. Nilikuwa naogopa.

Naogopa kwa sababu ya shangazi Mwanahawa, dada wa baba. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri, sauti yake inafika kisimani, na Kikole nzima ilikuwa inamsifia mwili. Siku moja akaanguka uani akichambua mbaazi. Watu wakasema jini. Akapelekwa kwa waganga wiki tatu, kisha hospitali, daktari akasema presha ilikuwa juu kwa miaka na hakuna aliyeipima. Aliishi chumba chetu cha nyuma miaka mitatu, upande mmoja wa mwili umekufa. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Nilikuwa kidato cha pili. Naujua uzito wake wote, nimeubeba kwa mikono hii ambayo mama mdogo jana aliilia kwamba imekuwa myembamba.

Kwa hiyo nikaanza kukimbia. Nasema kukimbia lakini siku ya kwanza ilikuwa kutambaa. Tekla alinisindikiza akitembea tu, na bado alinipita. Natoka baada ya swala ya alfajiri, suruali ya mazoezi chini ya dira, ushungi nimeufunga vizuri, nashuka barabara ya ufukweni hadi karibu na soko la samaki, narudi. Vijana wa bodaboda wakaanza kuniuliza, "Sista, mwizi kapita njia ipi?" Mama mmoja muuza chapati aliniambia kwa upole kabisa kwamba mwanamke akikimbia hivyo mji wa mimba unashuka. Dada mwenzangu wa swala akasema najionyesha. Nimeshazoea. Niliwahi kulia mara moja, ilikuwa wiki ya pili, na nililia nikiwa nakimbia ili nisipoteze muda.

Na chakula nikakibadilisha. Ugali wa dona badala ya sembe, mchicha, kisamvu, dagaa, mbaazi za kuchemsha. Soda nimeacha, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote, siwadanganyi. Jioni, badala ya chipsi, nanunua ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha.

Na ming'oko ndiyo iliyoharibu siku ya jana kabisa.

Mchana nilitaka mama mdogo ale vizuri. Nikapika samaki, nikapika kisamvu, na kwa kuwa yule binti anayepita na beseni alikuwa amefika bwenini, nikachukua ming'oko ya moto na chumvi ya pilipili. Nikaweka mkekani kwa furaha. Mama mdogo akaangalia ile sahani, akaisukuma mbele kidogo kwa kidole kimoja.

"Somoe, tumekuleta chuo uje ule ming'oko?"

Kwetu mtu huingia porini na jembe kuichimba ming'oko pale ghala linapokuwa tupu. Mama na mama mdogo waliila walipokuwa wasichana, mwaka ambao mahindi hayakuota, asubuhi na jioni bila kitu kingine. Hawajawahi kuisahau. Mimi naiona ni kiazi cha porini kisicho na mafuta wala sukari, kinachoshibisha. Yeye aliona mtoto wa dada yake ana njaa mjini na anaona haya kusema. Ndiyo maana ya ile ndoo: ilikuwa imejaa ufuta wa kusaga na korosho. Akaanza kulia tena, sasa kwa kujilaumu, kwamba hawajaniangalia, kwamba watu watasema mtoto alipelekwa kusoma akaachwa afe njaa. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia, vyote kwa pamoja.

Tekla alipotoka kwenda kuosha vyombo, mama mdogo akasogea karibu, akaninong'oneza, "Umepima?"

Nilijua anauliza nini. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, isiyo ya kunong'ona, "Ndiyo, nimepima, sina. Na ningekuwa nao ningemeza dawa, ningekula kama ninavyokula, na ningekimbia vilevile." Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akatoa kikapuni chupa ya kombe, baba alikuwa ameliomba kwa maalimu kule kijijini, aya zimeandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema bismillahi, nikanywa lote. Sina ugomvi na maneno ya Mungu. Ugomvi wangu ni na wanaodhani Mungu anapenda wanene.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza kama nimpandishe basi arudi peke yake na maneno ya kwenda kusema kwamba nimekuwa jeuri. Kufikia asubuhi niliona kwamba jeuri siyo shida. Shida ni kwamba nilificha. Nilipokuwa mgonjwa niliwaacha wanisifie, na nilipopona nikawapa neno la mgonjwa. Wangejuaje?

Leo baada ya adhuhuri nikampigia mama, nikaweka sauti kubwa ili mama mdogo asikie. Nikamweleza yote. Ngazi, kichwa, nesi, mara tatu ile mashine. Nikamwambia sasa presha imeshuka, na nesi ameandika kwenye daftari langu la kliniki, na mama mdogo ameliona kwa macho yake. Mama mdogo akaitikia, "Nimeliona, dada." Hajui kusoma vizuri, lakini aliitikia kwa nguvu, na hapo nikampenda upya.

Mama akauliza, "Kwa hiyo Idi ile, nilipokuzungusha kwa watu?"

"Nilikuwa naumwa, mama."

"Kama wifi yangu Mwanahawa?"

"Njia ileile."

Nikasikia anavuta pumzi. Nilijua anakiona kile chumba cha nyuma. Akasema, "Jumatano nenda kafundishe. Baba yako nitaongea naye mimi." Kisha akaongeza, "Na kimbia, mwanangu. Kimbia. Lakini ukifika mahali watu wanakujua, tembea."

Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, nikasema sawa mama.

Niliposema sawa nilikuwa nadanganya, na huu ndio uwongo wa mwisho ninaoukiri leo. Nimeukalia huu ushauri tangu mchana. Shangazi alijulikana Kikole nzima. Hakuna aliyemwambia kitu ila sifa, na sisi wa nyumbani ndio tulioongoza. Kama kuna mwanamke mmoja pale stendi mwenye kisogo kinachogonga kila alfajiri, naye anasifiwa mwili na majirani, nataka anione. Akitaka kucheka, acheke, lakini anione.

Kesho kukipambazuka nampeleka mama mdogo kwenye basi. Basi likiondoka nitafunga kamba za raba zangu na kurudi chuo kwa njia ya sokoni, kupita bodaboda, kupita yule mama wa chapati, kupita mlango wa madrasa. Hapo wote wananijua.

Hapo ndipo nitakapoongeza mwendo.