Nywele Nilizokataa Kunyoa

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi lile goti, limepoa au bado unaswali umekaa kitini? Mie huku Kahama mzima, alhamdulillahi, ila vumbi linanitoa makamasi. Simu zangu hupokei, mwezi wa pili huu, ndiyo maana naandika. Mwajuma mdogo wangu, msomee mama yote, usiruke.

Mwajuma kaniambia ulipoiona ile picha yangu, kichwa msitu, uliigeuza simu kifudifudi ukasema, "Karudia unga huyo." Mama, iliniuma. Ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilipokuwa teja pale Dunda, nywele zangu hazikujua wembe wala chanuo. Siku nilipotoka soba, ile nyumba ya kuachia unga, ulininyoa mwenyewe uani, ukazifukia nywele nyuma ya jiko. Tangu hapo kipara ndicho kilikuwa kiapo changu kwako.

Sasa sikiliza kwa nini nilizifuga. Kazi niliyoifuata huku ni kuendesha malori ya mgodini, na hawampi mtu usukani bila kumpima. Nikasema pimeni mkojo. Mama wa maabara akacheka. "Mkojo husema ya siku chache tu, mwanangu. Sisi tunataka nywele." Akanieleza: mtu akitumia, dawa inaingia kwenye damu, damu inalisha shina la unywele, na unywele ukiota unatoka nayo. Hata ukiosha kwa shampuu, haitoki yote. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, basi sentimita tatu za karibu na ngozi zinasimulia miezi kama mitatu. Nikamwonyesha kipara. Akasema wanaweza kuchukua za kifuani, ila hizo hukaa sana bila kukua, hazisemi vizuri jambo ni la lini. Nikamwambia, "Nitafuga za kichwani. Nitarudi."

Miezi minne nimebeba matofali na sikunyoa. Vinyozi wakinitania, mwenye nyumba akinitazama kwa jicho la pembeni. Nilikaza. Unga ulinitamanisha mara mbili, sikufichi, na mara zote mbili nilishika kichwa nikaenda kulala.

Niliporudi maabara walikata kisogoni, fungu nene kama penseli, wakalifunga kwenye karatasi, wakaandika upande wa shina ni upi, nikatia sahihi. Najua utasema nimewapa wageni nywele zangu, nawe umetukataza tangu utotoni tusiziache ovyo, mtu asije akatuchezea. Nilimwuliza yule mama. Akasema huoshwa, hukatwakatwa, hutiwa dawa za kupimia, hazirudi kwa mtu yeyote.

Majibu yametoka juzi: safi. Naanza Jumatatu. Kaka Shomari, asiyeamini kitu mpaka akishike, mwambieni karatasi ninayo na ina muhuri. Wewe mama sikutumii karatasi.

Nisalimie mjomba wa Fukayosi na mahindi yake, shangazi muuza vitumbua, na yule jirani aliyeniombea dua hata nilipomwibia sufuria.

Leo mchana nimenyoa. Kinyozi alitaka kuzifagia, nikamzuia. Nimezifunga kwenye kitambaa, zimo humu ndani ya bahasha. Zifukie pale pale nyuma ya jiko, pamoja na zile. Halafu upokee simu.

Mwanao mwenye kipara,
Hamisi