Kufuta Kumbukumbu ya Gari la Baba

Gereji, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Barua hii isome ukiwa umekaa, maana nakujua, ukisimama hufiki mwisho. Unaendeleaje? Mgongo vipi, na baridi uliyoilalamikia imepungua? Wifi yangu hajambo? Pacha wameshaota meno, au bado wanakutafuna kwa ufizi?

Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anacheka, anatuamrisha kama kawaida. Baba naye hajambo kwa kiasi chake, na habari zake ndizo zimenifanya nichukue kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza nijibu swali lako. Uliniambia umemwona mtu kwenye video akichomoa waya wa betri, akasubiri nusu saa, akaurudisha, na gari likachomoka kama jipya. Nilikujibu ovyo siku ile, mikono imejaa grisi na mteja ananipigia honi mlangoni. Sasa nakujibu kifundi.

Kompyuta ya injini haina nguvu yoyote iliyoificha. Inapima hewa inayoingia, inaamua mafuta yaende kiasi gani, na inakumbuka marekebisho iliyoyafanya siku za nyuma. Ukiifuta, inasahau hayo na kuanza na makadirio ya kiwandani. Kama kulikuwa na kifaa kibovu na umeshakibadilisha, kufuta kunasaidia, kwa sababu itaacha kufidia ubovu ambao haupo tena. Kama hujabadilisha kitu, itajifunza yale yale ndani ya siku chache, na kwa siku hizo injini itakuwa inatetemeka ukisimama kwenye foleni. Taa ya onyo ikizimika, ujue imezimika taa tu. Hayo mengine ni hamu ya mwenye gari.

Tatizo ni kwamba Baba alikusikia wewe kabla yangu.

Unalijua gari lenyewe, lile alilolinunua kutoka shule ya udereva aliyofundisha, siku aliyostaafu, ambalo bado lina pedali ya breki ya mwalimu upande wa abiria. Tangu uliposema unakuja Desemba, ameapa kwamba atakupokea uwanja wa ndege mwenyewe, kama alivyokusindikiza mwenyewe. Akaanza mazoezi. Kila asubuhi anapandisha kile kilima cha kona ya shule, na kila asubuhi anarudi amenuna. Gari limeisha nguvu, anasema. Amekanyaga mafuta mpaka mwisho na bado wanampita hata wenye baiskeli.

Nikabadilisha plagi. Nikasafisha chujio la hewa, nikapima pampu ya mafuta. Nikalipandisha kilima mimi mwenyewe mara tatu, likapanda bila kulalamika. Baba akasikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema, "Mdogo wako anasema kompyuta imechoka. Ifute."

Siku hiyo nilikuwa na magari matatu yamefunguliwa uwanjani. Nikafungua boneti, nikahesabu mpaka ishirini, nikafunga. "Tayari, Baba, nimeifuta." Sikugusa hata waya mmoja.

Alizunguka mtaa na kurudi uso umemchanua. "Unaona? Yuko ng'ambo, lakini anajua kuliko fundi niliyemzaa, aliye hapa hapa." Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Alipoondoka niliwaambia ukweli, tukacheka zaidi. Nikajiona nimekushinda ubishi bila kutoka jasho. Nilichosahau ni kwamba gari lile sikuwahi kulipima likiwa na dereva wake. Siku zote nililipima kwa mguu wangu.

Wiki ya tatu Baba aligonga geti la nyumbani. Hakuwa na mwendo, alikuwa anaingia tu kama anavyoingia kila siku, ila gari halikusimama pale alipotaka lisimame. Geti lilidondoka juu ya beseni la nguo. Mama alikuwa hatua mbili kutoka hapo, anaanika shuka. Baba akasema sasa kompyuta imeharibu na breki. Mama akaanza kuokota nguo moja moja chini ya geti.

Nilipima breki siku hiyo hiyo. Nzima. Jumatano nikaenda na mashine ya gereji, nikaichomeka chini ya usukani, nikawasha swichi bila injini. Mashine ile, pamoja na mengine, inaonyesha pedali ya mafuta imekanyagwa kiasi gani kwa mia. Nikamwomba Baba akae na kukanyaga mpaka mwisho. Ikasoma sitini na mbili.

"Mpaka mwisho, Baba."

"Huku ndiko mwisho. Nimefundisha watu miaka thelathini, nitashindwa kujua mwisho wa pedali?"

Nikamwomba anipishe, nikakaa mimi, nikakanyaga. Ikasoma mia. Baba alisimama nje ya mlango akiangalia namba, miwani imeshuka puani. Akaniashiria nitoke, akakaa tena, akakanyaga. Sitini na moja. Aliinama, akashika goti lake la kulia kwa mikono miwili na kulisukuma chini. Namba ikapanda, sabini, themanini, tisini na tisa. Akaachia mikono, ikashuka.

"Gari hili ni zima," akasema. "Usichomoe kitu."

Mdogo wangu, niliona aibu, na nakuandikia hivyo hivyo bila kuipaka rangi. Mguu unaokanyaga mafuta ndio unaokanyaga breki. Wiki tatu nzima nilimwacha azunguke na mguu ule kwa sababu nilikuwa na raha ya kukushinda wewe. Mama alibakiza hatua mbili. Nimemwambia Baba kwamba sikuifuta ile kompyuta. Akasema alikuwa ameshajua, kwa sababu saa ya redio haikupotea. Ukichomoa betri, saa ya redio inarudi sifuri. Kumbe aliiona siku ile ile. Nilipomuuliza kwa nini basi alisifia gari, akasema alitaka sana kosa liwe la gari, kisha akaanza kufuta miwani.

Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, na daktari amesema mshipa wa fahamu umebanwa kiunoni. Kuna dawa na mazoezi ya miezi kadhaa, na mguu unaweza kurudi au usirudi wote. Usukani amekatazwa. Baba aliitikia kwa heshima kama mwanafunzi aliyefeli mtihani. Funguo akaziweka juu ya kabati la vyombo, na kwa siku mbili hakuna aliyezigusa.

Ijumaa nilikuta funguo hazipo. Nikatoka nje haraka. Baba alikuwa amekaa upande wa abiria, kwenye kiti chake cha miaka thelathini, mguu wa kushoto juu ya breki ya mwalimu. Kwenye usukani alikuwa Mama.

Miaka arobaini na moja ameolewa na mwalimu wa udereva na hajawahi kuwasha gari. Aliomba mara mbili, akajibiwa kwamba mume na mke wasifundishane, watavunja ndoa na gia kwa pamoja. Sasa Baba alikuwa anamwambia kwa sauti ile ile ya kazini, "Rekebisha kiti. Vioo. Usiniangalie mimi, angalia vioo." Mama alilizima gari mara sita kabla ya kutoka uani. Mara ya saba likaondoka, likirukaruka, na Mama akapiga kelele ambayo sijamsikia akiipiga tangu tukiwa wadogo.

Waliporudi nikawauliza kama niliangalie gari, nisafishe chochote, maana lilikuwa limenyanyaswa. Baba akakataa. "Iache hiyo kompyuta yako, Fundi. Imzoee mama yenu."

Kwa hiyo Desemba, ukitoka mlangoni na mabegi yako, usimtafute Baba kwenye usukani, wala usimuulize kompyuta imekuwaje. Panda nyuma, funga mkanda, sifia dereva.

Msalimie sana wifi yangu, na pacha uwabusu mashavuni kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema uvae soksi. Baba anakusalimu na kukuombea, nami nakuombea pia, Mungu akutunze huko uliko na akurudishe utukute wote watatu hivi tulivyo.

Nabaki wako nikupendaye,
Dada yako, Fundi

Geti jipya tumelipaka rangi nyekundu. Mama ndiye aliyeichagua, anasema analiona kutoka mbali.