Madigadi Niliyoyakata

Mjukuu wangu Espoir,

Amani iwe nyumbani kwenu Bukavu. Hapa Anderlecht, Ubelgiji, tuko wazima. Goti linanisumbua, lakini metro napanda mwenyewe.

Bon. Unauliza kama ukate chasisi ya gari la mashindano ili ile bodi yako ya zamani ikae vizuri juu yake.

Tulipokuwa vijana, babu yako alikuwa na bodi kama hiyo, ya gari la Kimarekani, nyekundu, chini imeliwa na kutu. Tukapata chasisi ya mashindano, yenye mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva. Kabla hata hatujaviunganisha, akaalika kikundi cha sala waje kulibariki gari, nami nikapika sombe, yale majani ya muhogo. Wageni wakiwa wameshika sahani, tukashusha bodi, ikakataa kukaa. Magurudumu yalikuwa mapana, yakagonga madigadi, yale mabati yanayoyafunika.

"Kata mabomba ya chasisi, magurudumu yaingie ndani," babu yako akasema. "Madigadi usiguse! Ndiyo uzuri wake."

"Mume wangu, hayo mabomba ndiyo yatakulinda wewe."

Nikawasha mashine, nikayakata madigadi mbele ya mchungaji. Babu yako akatoka nje bila kula.

Siku ya mashindano aligonga ukuta. Bodi nyekundu ikakunjamana kama karatasi, mabomba hayakupinda. Akatoka humo kwa miguu yake, akaja moja kwa moja kwangu, akauliza kama sombe iko.

Mama yako alizaliwa mwaka uliofuata.

Kata bodi, Espoir.

Koko wako,
Mama Furaha