Gajanan Panchal na Ile Mikono Sita

Mwaka mzima umetimia leo, Baba, tangu ulipotuacha, na bado tukifungua kabati la jikoni tunakuta vitu vyako mahali pa dengu: gundi, nyuzi nyeusi, bawa la bata lililopakwa rangi ya dhahabu. Mama hataki viondolewe. Anasema dengu zimeshavizoea.

Ninayeandika tangazo hili la kumbukumbu gazetini ni mimi, Malati wako. Madhukar alitaka aandike yeye kwa kuwa ndiye mwana wa kiume, lakini unamjua mwanao, angeandika mistari mitatu kisha akaenda zake kunywa chai. Na safari hii mistari mitatu haitoshi, maana kuna ahadi ya kutimizwa, na ahadi ni deni. Mwenye gazeti akiona tumeandika mno, aje nyumbani amwambie Mama mwenyewe.

Watu wa Kolhapur wanakukumbuka kwa sinema zako. Ndiwe uliyeirusha miungu angani wakati mafundi wengine walikuwa bado wanajiuliza waya upakwe nini usionekane. Sisi tunakukumbuka kwa chumvi. Ule mto ulioshuka kutoka mbinguni, ambao watu waliulilia machozi, ulikuwa chumvi ya jikoni kwetu ikimwagwa juu ya kitambaa cheusi. Tulikula mboga chapwa juma zima. Bibi, mama yako, alinung'unika kila siku, kisha akaenda sinema kuutazama mto huo, akarudi akisema ubaridi wake aliusikia mpaka miguuni. Ukamjibu, "Ndiyo, Mama, ni maji ya milimani," ukainamisha uso kwenye sahani.

Lakini hukuwahi kumcheka mtu anayesali. Ulivua viatu kila ulipoingia kwenye mbingu uliyoipaka rangi wewe mwenyewe. Wenzako wa studio walikutania, "Gajananrao, hiyo ni mbao na karatasi, jana tu umeipigilia misumari!" Nawe ukawajibu, "Kesho kuna mtu ataiinamia. Waya ukionekana, tutakuwa tumemtukana." Na siku ya kuonyeshwa sinema hukuitazama. Ulikaa mbele kabisa, umeipa picha mgongo, ukazitazama nyuso za watu.

Haya, sasa tuseme habari ya mikono.

Hakuna nyumba mjini hapa isiyoijua picha ya Mungu Mama mwenye mikono minane, ile ya kalenda, iliyotolewa kwenye sinema yako. Kwetu ilitundikwa kwenye pembe ya ibada ya Bibi. Na kila anayeijua picha hiyo anaijua pia ile alama iliyo juu ya kifundo cha mkono, kama jani dogo, kwenye mikono mitatu ya kushoto. Bibi alitufundisha tukiwa wadogo kwamba hapo ndipo Mungu Mama alipoushika moto wa zimwi alilopigana nalo ili usituunguze sisi. Kila asubuhi alizitia alama zile rangi nyekundu kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine, akisali taratibu.

Akimaliza tu, anageukia jikoni. "Wewe Indumati! Chapati hii ya mtama ni ramani ya nchi gani? Mkwe gani huyu nimepewa, mwenye mikono ya mbao!"

Mama akaigeuza chapati. Wewe ulikuwa ukipaliwa na chai. Tulidhani una kifua kibovu.

Siku ya kumi baada ya kutuacha, wanaume walikwenda kando ya Mto Panchganga kukuwekea matonge ya wali, nasi wanawake tukabaki nyumbani kama ilivyo desturi. Kunguru akila tonge, marehemu ameridhika. Asipokula, kuna jambo analitaka, na walio hai wabahatishe mpaka walipate. Kunguru wako, Baba, walikuwa wamejaa juu ya mti, wanatazama, hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Madhukar akaahidi hatauza karakana yako. Kimya. Akaahidi kumtunza Mama. Kunguru mmoja akajikuna. Baba mdogo Tatya, ambaye hata msibani hawezi kujizuia, akapaza sauti, "Kaka, kama ni ule mwavuli wako, nitaurudisha!" Watu wakacheka, lakini kunguru wala hawakujali. Jua likapanda, na Madhukar akaanza kutetemeka midomo kama alipokuwa mdogo.

Kuhani akasema basi, desturi inaruhusu, kunguru wa kweli asipokuja anasukwa wa majani, na huyo ndiye anayegusishwa tonge. Akaanza kumsuka. Tatya akamshika mkono. "Kunguru wa bandia? Kwa huyu? Huyu alirusha ndege wa pamba ukutani mpaka paka wakawarukia! Atarudi kutoka huko aliko aje akurekebishie bawa!"

Akachukua baiskeli akaja nyumbani, jasho linamchuruzika. "Shemeji, mumeo amenuna. Alikuwa anataka nini?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akajitanda vizuri sari yake, akaniambia, "Malati, ita gari la farasi."

Kuhani alipotuona akaanza, "Wanawake hawaji mahali hapa." Tatya akamwambia, "Wewe waambie kunguru, mimi usiniambie." Mama akapita katikati yao mpaka kwenye matonge. Unajua hajawahi kulitamka jina lako, mke mwenye adabu halitamki jina la mumewe, kwa hiyo akakuita kama alivyokuita siku zote.

"Baba Malati," alisema, "haya, umeshinda. Nitasema. Mwaka hautaisha kabla sijasema ile mikono ni ya nani."

Kunguru akashuka. Alitua, akatembea kwa madaha kama bwana harusi, akachukua tonge akaruka. Anayesema ilikuwa njaa tu, na aseme. Madhukar alilia mpaka Tatya akamkumbatia, na mimi nililia, na hata kuhani alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kwenye gari la farasi nikamuuliza, "Mikono ipi, Mama?" Akavuta bangili zake juu. Juu ya kifundo cha mkono wa kushoto kuna kovu la moto, kama jani dogo. Nimeliona kovu hilo maisha yangu yote likinisuka nywele, likinilisha, likinipiga kofi pia. Na alama ile nimeiona maisha yangu yote ukutani. Hata siku moja sikuwahi kuviweka pamoja viwili hivyo, jamani.

Ndipo akanisimulia, na sasa nakusimulia wewe unayejua, ili na wengine wasikie. Mikono ya kwanza uliichonga kwa mbao, na mwigizaji alipogeuka ikatikisika yote kama mtu anayefukuza nzi. Hukulala, hukula. Siku moja Mama, bibi harusi wa miezi michache, alikuwa anageuza chapati akaungua kwenye tawa, kikaango cha chapati, akainua mkono juu kwa maumivu. Badala ya kuleta samli ya kumpaka, ukasimama unautazama ule mkono! Anasema hajakusamehe mpaka leo. Kisha ukamwomba.

Siku ambayo studio ilifungwa, wewe na mpiga kamera uliyemwamini mlimfunika Mama mwili mzima kwa mahameli nyeusi, na nyuma yake nyeusi, ikabaki mikono yake tu, imepakwa poda na kuvishwa bangili. Mkaipiga picha. Mkairudisha filamu nyuma kamerani, mkaipiga tena juu ya filamu ileile yenye mwigizaji, Mama akiwa ameiinua zaidi. Mkairudisha tena. Mikono miwili ya mwigizaji, sita ya Mama. Mchoraji wa kalenda aliona kovu kwenye picha akadhani ni jambo la mbinguni, akalichora kwa uangalifu kuliko hata macho.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Enzi hizo mke wa nyumba ya heshima kuonekana sinema ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Bibi angewafukuza wote wawili, nawe ulimwapia Mama kwamba hutasema. Bibi alipofariki ukamuuliza, "Niseme sasa?" Akasema, "Tuna binti wa kuoza." Nikaolewa. Ukamuuliza tena. Akasema, "Watu wanaisalia picha ile. Unataka wajue wamemsujudia mpika chapati?"

Siku ile ulipotunukiwa shali mbele ya mji mzima, mtu akasimama akauliza ile mikono uliifanyaje. Tulikuwepo sote. Ulimtazama Mama kwenye viti vya wanawake, ukamtazama kwa muda mrefu, naye akatikisa kichwa. Ukasema, "Ni siri ya kazi." Watu wakapiga makofi. Nyumbani uliitupa shali juu ya kitanda ukasema inakuunguza. Sisi wajinga tulidhani ni sufu.

Hilo tu ndilo ulilolitaka, Baba. Watu wakusifu wewe kwa waya na vioo na chumvi, lakini kwa mikono wamsifu mwenyewe.

Basi mwaka ukaanza, na Mama akawa bado. Tukimuuliza baada ya mvua, bado. Sikukuu ya taa, bado. Tatya alikuwa akipita dirishani akilia kama kunguru, "Kaa! Kaa!" Mama akimrushia maganda ya vitunguu. Lakini nilimwona usiku anajipaka mafuta mikononi, nikajua anaogopa. Alikuwa anawaogopa wanawake wa mtaa wetu ambao bado wanaitia picha ile maua, asije akawavunjia kitu chao.

Wiki iliyopita kioo cha ile picha ya kalenda ya Bibi kilipasuka. Mama akaipeleka kwa fundi wa fremu. Fundi akamwambia, "Mama, hii imefifia, chukua mpya. Na angalia, siku hizi wameondoa haya madoa ya mikononi. Safi kabisa."

Mama akaitazama ile mpya. Mikono minane laini, si ya mtu yeyote.

"Madoa?" alimwambia. "Doa ni wewe! Nirudishie yangu." Alifika nyumbani anahema, hajavua hata viatu. "Malati! Chukua kalamu. Andika kila kitu. Na andika kwamba mama mkwe wangu alinipaka rangi nyekundu kila asubuhi kwa miaka yote ile, na kila asubuhi nilimwona akinipaka nikiwa pale jikoni, na ndiyo maana matusi yake hayakuniuma."

Nimeandika, Baba. Majirani wamekwisha kujua, habari hazina mlango. Jana mama wa nyumba ya kona alikuja. Tukadhani amekuja kugomba. Akaketi chini, akamwambia Mama, "Nipe nione," akaushika ule mkono wa kushoto, kisha akaomba chai.

Leo matonge yako yako tayari, na wali ameupika Mama mwenyewe.

Tunaokukumbuka kila uchao ni mwanao Madhukar, ambaye karakana hajaiuza. Mimi Malati na mume wangu. Wajukuu zako, waliokwisha kumaliza chumvi ya nyumba wakitengeneza mito. Na mdogo wako Tatya, ambaye mwavuli hajaurudisha.

Maneno ya mwisho ni ya mkeo Indumati. Ameniambia niyaandike kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze, na jina nisiliruke:

Gajanan, ile mikono ni yangu. Nimesema. Kula sasa.