Kipanga Mwekundu na Mkate wa Mkesha

Pittsburgh, 2 Oktoba 1968

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Monessen? Na goti lako, baridi hii inapoanza, linasemaje? Mimi sijambo kabisa, ila njaa tu. Nakula mpaka mama mwenye nyumba ameanza kuuficha mkate. Kazini ni kulekule, nauza kofia kwa wanawake wasiojua wanataka nini.

Nina ombi dogo. Zile buti zangu za shule kama bado zipo chini ya kitanda, nitumie. Viatu vinaniishia ovyo tangu Agosti. Ni hizi ngazi za Pittsburgh, mji mzima ni vilima.

Nabusu mikono yako,
Binti yako, Ludka

Monessen, 9 Oktoba 1968

Ludka mwanangu,

Milele, amina. Goti linalalamika lakini halijagoma. Bi Zielińska wa jirani anakusalimu. Ulipopiga simu Jumapili alikuwa kwenye laini tunayochangia naye anatusikiliza, nilimsikia akitafuna. Ndiyo maana hili nakuandikia, sikupigii.

Buti nimezituma. Lakini vile viatu ulivyoviacha hapa mwezi uliopita nimevigeuza nikavitazama. Mpanda ngazi humaliza visigino. Wewe umemaliza ncha za vidole, kama mtu anayetua. Viatu vya namna hiyo nimeviona utoto wangu wote, vikikauka kando ya jiko. Vilikuwa vya bibi yako Apolonia.

Unaruka, Ludka. Usinibishie, mimi ndiye niliyekuzaa.

Sasa kaa kitako. Kipanga Mwekundu, yule wa vitabu vya katuni ulivyokuwa ukivisoma chini ya blanketi, alikuwa bibi yako. Walianza kumchora mimi nikiwa msichana wa shule. Wakampa kiuno ambacho hakuwahi kuwa nacho, wakamnyima mume na mtoto. Vitabu vyote vile, mimi simo hata ukurasa mmoja. Yeye alicheka sana. Mimi sikucheka.

Mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, kule Poland, akiwaopoa watu wakati wa mafuriko. Mimi kipawa hicho kikanipita. Nilipanda juu ya banda la kuku nijaribu, nikavunjika mkono, na tangu hapo sina habari na anga.

Nimekutilia suruali za ndani za sufu. Bibi yako alikuwa akirudi na mafua kila wiki kwa ubishi wake. Zivae.

Mama yako

Pittsburgh, 21 Oktoba 1968

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo, na Mungu akuweke. Barua yako nimeisomea bafuni, mlango nimeufunga kwa ufunguo, nikalia na kucheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga kuuliza kama nimeteleza.

Kuteleza ndiko kulikoanzisha yote. Mwezi wa Agosti niliteleza kwenye ngazi, mvua inanyesha. Nikasubiri kuanguka. Nikasubiri weee, sikuanguka. Tangu siku hiyo nimemtoa fundi aliyening'inia kwenye paa la kanisa, na bibi mmoja na paka wake kwenye nyumba inayoungua. Paka ndiye aliyenikwaruza. Magazeti yanasema Kipanga Mwekundu amerudi, kisa skafu yangu nyekundu, na mimi nilivaa hiyo kwa sababu sina nyingine! Vitabu vya katuni vimeanza kutoka tena. Kiuno wamenipa kilekile.

Sasa nataka kujua kila kitu. Bibi alikuwa anaogopa? Na wewe, uliyekuwa nyumbani, ulikuwa unaogopa?

Mkesha wa Krismasi nitajaribu kuja.

Binti yako, Ludka

Monessen, 8 Desemba 1968

Ludka mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai u mzima, na sufu unavaa. Nimechelewa kukujibu. Kila nilipoianza barua hii niliishia kuitia motoni.

Bibi yako hakuwa mwoga. Mimi ndiye niliyeogopa, na kuliko siku zote niliogopa siku ya Mkesha. Kwetu hagusi mtu chakula mpaka nyota ya kwanza itoke. Watoto wa jirani walikaa dirishani wakitafuta nyota, mimi nilikuwa namtafuta mama. Nyota ilitoka, zikafuata nyingine, baba akasema basi tule. Supu yake ya bitiruti ikapoa mezani. Kila mwaka aliniambia, "Nitajaribu." Hakuwa mwongo, alijaribu kweli. Lakini huko nje hakukosekani mtu anayezama, na mtoto aliyevaa gauni jipya hawezi kushindana na mtu anayezama.

Wewe sikulaumu. Humu nimekutilia mkate wa Mkesha, ule mwembamba kama karatasi tunaovunjiana kabla ya mlo, padre ameubariki Jumapili. Uvunje hukohuko uliko na yeyote atakayekuwa karibu, mtakiane heri. Sahani yako sitaiweka. Sitaki tena kuikodolea macho sahani.

Mama yako anayekupenda

Pittsburgh, 12 Desemba 1968

Mama!

Milele, amina, lakini nimekasirika. Mkate wa posta ni wa Mjomba Kazimierz aliyehamia Chicago! Ni wa shangazi zako walio ng'ambo ya bahari! Unatumiwa mtu ambaye nyumbani wameshamkatia tamaa. Mimi niko mwendo wa basi moja. Nilipofungua bahasha niliona kama umenizika nikiwa hai.

Ninaurudisha mzima, sijaumega. Sivunji na mtu mwingine ila wewe. Niwekee sahani. Sisemi nitajaribu, nasema nakuja, na nitafika kabla ya nyota.

Binti yako, Ludka

Pittsburgh, 25 Desemba 1968

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo aliyezaliwa. Miguu imepata joto? Najua jana ulikuwepo, lakini niache nikusimulie, maana pale hatukuweza kusema lolote.

Nilikuwa nimeshavaa koti, nimeshika na zawadi yako, naenda kituo cha basi. Barafu ya mtoni ikakata kamba za matishari ya mizigo. Moja likaja moja kwa moja kwenye nguzo ya daraja, na juu ya daraja kuna tramu imejaa watu wanaowahi mlo wa Mkesha kama mimi. Nikajibana kati ya tishari na nguzo, nikasukuma. Watu wakashuka wote, lakini kuliachia nisingeweza mpaka boti za kuvuta zifike. Zikachelewa. Jua likazama. Nyota ya kwanza niliiona mimi, Mama, mbingu ilikuwa safi bila hata kiwingu. Nililia ndani ya skafu niliyojifunika uso, nikijua umekaa mezani na sahani mbili, na mimi nimekufanyia kilekile.

Boti zilipolichukua nikapanda gatini walipo askari wa zimamoto. Nikasikia mtu anagombana na polisi.

"Mama, hapa haruhusiwi mtu."

"Kwani nani kakwambia mimi ni mtu? Mimi nimeleta chakula. Shika hiki kifuniko, baba, kina moto."

Nikageuka, ni wewe! Kofia imekukaa upande, sufuria la pierogi zako zilizojazwa viazi umelifunga kwa blanketi langu. Na umetoka nalo Monessen kwa basi!

Ukaanza kuvunja mkate na kila askari. Yule mkubwa mwenye masharubu akauliza kama ndiyo chakula chenyewe, maana ni mwembamba kama hostia, ukamwambia atulie, pierogi zinakuja. Ukamtakia afya, ukaenda kwa mwingine, na mwingine. Nilielewa unachofanya. Ulikuwa unawapitia wote ili unifikie mimi bila mtu kujiuliza kwa nini.

Ukafika. Wapiga picha wamesimama mgongoni kwako. Ukasema, "Na wewe pia, binti, umepoa sana." Nikamega, nikala, sikusema neno la heri, kwa sababu ningefungua mdomo ningesema Mama.

Basi nakutakia sasa. Nakutakia goti zuri. Nakutakia Mkesha mmoja ambao hutatazama dirishani hata mara moja. Na unisamehe, nilisema nakuja.

Nabusu mikono yako, yote miwili,
Ludka wako

Monessen, 29 Desemba 1968

Ludka mwanangu,

Milele, amina. Miguu imepata joto, mafua ninayo, na usicheke. Bi Zielińska ameniuliza Mkesha nilikuwa wapi, nikamwambia nilikwenda kwa binti yangu. Sikudanganya.

Kukusamehe nini? Redio ilisema kuna tishari na skafu nyekundu. Nikakaa mezani kama nilivyofundishwa, nikatazama supu inapoa. Halafu nikajiuliza, hivi mimi nimefungwa kamba kwenye kiti hiki? Nilipokuwa mtoto hakuna aliyeweza kunipeleka alipo mama. Sasa mimi ni mtu mzima, na nauli ninayo. Nikazima jiko.

Nami sikukutakia heri yako, kwa hiyo ipokee. Nakutakia uzeeke. Unenepe, magoti yakuume, ukae mezani kwangu ulalamike kwamba supu haina chumvi.

Na mwakani usiniahidi kwamba unakuja. Niambie tu utakuwa upande gani wa mto, nijue nipande basi lipi.

Mama yako