Nani Anatia Chumvi Kwenye Pipa Langu?

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili mama mkwe wangu anaondoka nyumbani kwangu, na mke wangu ameapa kwamba mama akitoka mlangoni na yeye anatoka nyuma yake, na mimi nimebaki nikijiuliza kama ninamwonea mtu au ninachezwa shere na watu wawili ninaokula nao meza moja.

Kazi yangu ni kukagua mizigo inayotoka ghalani. Mtu akinikaribia tu najua kama ameficha kitu chini ya koti, kwa hiyo usinifikirie mimi ni wa kushuku watu ovyo. Starehe yangu ni moja tu, sinywi, sivuti, sina mpango wa kando, nina tangi la kioo sebuleni lenye samaki wa maji ya chumvi, rangi zao ukiziona utasahau shida zako, na mkubwa wao ni wa manjano, tunamwita Bosi kwa sababu chakula kikitiwa anafukuza wenzake wote.

Zamani maji yao nilikuwa nayakoroga kwenye ndoo jikoni, mke wangu akalalamika kwamba sakafu inanata, na kweli ilikuwa inanata, basi nikahamia nje, nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa jikoni. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea jukwaa la chuma, nikapandisha mapipa mawili ya plastiki, la kushoto ni la maji matupu yaliyopita kwenye chujio, la kulia ndilo la kukorogea chumvi, ndani yake kuna pampu inayoyazungusha maji mchana kutwa, na mpira unapita dirishani mpaka sebuleni, ninafungua koki tu maji yanakwenda yenyewe. Fundi alipomaliza alisimama akalitazama akasema hata hospitali hawana mtambo kama huu.

Sasa sikiliza kisa. Chumvi ile si ya jikoni, ni ya samaki, na inapimwa kwa kidude cha kutazamia, unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unafumba jicho moja, unaelekea kwenye mwanga, na ndani unaona mstari. Nikikoroga maji mapya yanakaa kwenye mstari barabara. Nikipima tena baada ya siku chache yamepanda. Kuna wakati yanapanda kidogo na kuna wakati yanapanda sana, kama kazi ya mtu anayefuata hasira zake. Chumvi haina miguu, Shangazi. Kuna mtu anaitia.

Na usije ukaniambia ni uzembe wangu, maana kwenye pipa nimechora alama ya rangi nyekundu, na maji yakishuka chini ya alama, na huwa yanashuka, siku hiyo hiyo ninajazia, tena sijazii maji matupu kama wavivu, ninakoroga kwanza maji ya chumvi kamili kwenye ndoo ndipo namimina, ili nguvu isipungue. Tangi la sebuleni nalo vivyo hivyo. Mfuniko wa pipa niliutupa zamani, kwa sababu aliyeniuzia samaki alisema maji haya yanataka hewa, na pale nje hewa na jua ni vya kumwaga. Pamoja na uangalifu wote huo, samaki wawili wamekufa, na Bosi siku hizi amejibanza pembeni, chakula kinashuka mbele ya macho yake wala hakigusi.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu goti lilipomzidi. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaonitia wasiwasi. Pale nilipoweka mapipa ndipo alipokuwa anaweka kiti chake kuota jua la asubuhi, nikamwomba ahamie mbele, karibu na geti, akasema, "Haidhuru, baba, jua ni lile lile." Nani anapokonywa mahali pake akasema haidhuru kwa moyo mweupe? Tangu siku hiyo nikawa namfuatilia.

Nikachukua ruhusa kazini, nikajificha stoo nikachungulia dirishani. Haikupita muda akatoka, anachechemea, akatazama huku na huku, akatandaza kitambaa juu ya pipa la chumvi, akakichomekea pande zote, akakipigapiga kwa kiganja kama anayelaza mtoto, akarudi ndani. Nilipotoka kukifunua nilikuta kimeganda ukungu mweupe upande wa chini, nikakiramba. Chumvi tupu! Nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, nikauweka kwenye droo yangu kama ushahidi, kisha nikamfuata jikoni.

"Mama, kile kitambaa cha nani?"

"Changu, baba. Vumbi linaingia kwenye maji ya samaki wako."

"Na ile chumvi iliyoganda?"

"Si pipa la chumvi, baba?"

Shangazi, mtu asiye na hatia hana jibu la haraka kiasi hicho.

Nikafunga wavu wa plastiki juu ya pipa kwa kufuli, hewa ipite na mkono usipite, na ufunguo nikauvaa shingoni. Chumvi ikapanda. Halafu mama akaenda kwa mwanawe mwingine kutibiwa goti, akakaa huko wiki nzima, na wiki hiyo chumvi ilipanda kuliko wakati wowote! Hapo ndipo akili ikanijia kwamba ana mshirika, na mwenye uwezo wa kunivua ufunguo nikiwa usingizini ni mmoja tu. Nilipomuuliza mke wangu aliweka mwiko chini taratibu akasema, "Yaani mimi, na kazi zote hizi, niamke nikawatie samaki chumvi?" Nilimtazama machoni jinsi ninavyowatazama wapakiaji mizigo. Kuanzia siku hiyo analala chumbani kwa mama yake. Mama amefunga begi. Mwanawe anakuja kumchukua Jumapili.

Naomba uniambie, nifunge kamera, au niitishe kikao cha ukoo niwaonyeshe kile kitambaa kabla hawajatoroka? Nampenda mke wangu, sitaki aondoke, lakini siwezi kuishi na mtu asiyekubali kosa.

Ni mimi, Mwenye Mapipa.

*

Mwenye Mapipa mwanangu,

Barua yako nimeirukisha foleni kwa ajili ya hiyo Jumapili. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika, sasa nimetulia, basi na wewe tulia. Pole kwa samaki. Mtu anayehangaikia viumbe visivyoweza hata kumwita jina si mtu mbaya, na mke wako analijua hilo, ndiyo maana amehamia chumba cha pili na si mji wa pili.

Kamera usinunue. Mwizi wako nimeshamwona, umenielezea mwenyewe sura yake na wala hukumtambua.

Umewahi kusahau mchuzi jikoni? Uliutia chumvi ya kutosha, ukauonja ukawa mtamu, ukaacha sufuria wazi ukaenda kupiga soga. Ukirudi, mchuzi umepungua na chumvi imezidi. Uliwahi kumkamata jirani kwa hilo? Maji yamepaa, chumvi imebaki sufuriani. Pipa lako umelianika juani bila mfuniko, pampu inayarusharusha maji mchana kutwa, halafu unashangaa maji yakishuka chini ya alama yako nyekundu. Yanakwenda wapi, unadhani mama mkwe anayanywa? Chumvi haina miguu, hapo umesema kweli. Lakini maji yana mabawa, na yakiruka yanaiacha chumvi yote nyuma.

Na wewe, mwangalifu kuliko wote, unakuja na ndoo ya chumvi nyingine kamili unajazia juu yake! Kisha unafanya hivyo hivyo kwenye tangi la sebuleni. Wale uliowaita wavivu, wanaojazia maji matupu, ndio wanaojua kazi. Mwanangu, anayetia chumvi ni wewe. Mkono ni wako, ndoo ni yako, na ufunguo ulikuwa shingoni mwako. Ili nisikushauri kwa kubahatisha nilimpigia muuza samaki mmoja nikamsimulia bila kukutaja. Akasema wateja wake wapya wengi huteleza hapo hapo, ila hajawahi kusikia aliyemshtaki mkwewe.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wako unaojivunia. Ghalani kwenu, mfanyakazi akiwa likizo na mizigo ikazidi kupotea, utamkamata yeye? Mama wa watu alikuwa mbali wiki nzima na chumvi ikapanda kuliko zamani. Badala ya kusema, "Kumbe si yeye," ukaenda kumtafutia mshirika, tena ukamkuta kitandani kwako. Huo si ukaguzi. Ulishamhukumu, ulichokuwa unatafuta ni shahidi wa kukuunga mkono. Akinyamaza ana hila, akijibu ana jibu la haraka, akisema haidhuru ana kinyongo. Angefanya nini huyo mama ili umwamini?

Nikwambie kwa nini chumvi ilipanda sana wiki ile. Kitambaa kilikuwa kwenye droo yako. Zile siku ilizopanda kidogo, naweka dau langu, ni siku ambazo mama alikuwa amekutangulia kulifunika pipa. Yeye alikuwa anazuia vumbi, basi, hakujua kingine, na bila kujua akawa anazuia na maji yasiruke. Pampu ilirusha matone yakagandia kwenye kitambaa, ndiyo hiyo chumvi uliyoiramba. Ulimwondoa mahali pake pa kuotea jua, akaenda kukaa getini na goti lake bovu, kisha akawa anarudi akichechemea kukufunikia samaki. Alitazama huku na huku kwa sababu anakuogopa, mwanangu. Mtu mzima anakuhifadhia mali yako kwa kujificha, nyumbani kwa binti yake! Hapo ndipo niliposhikwa na hasira.

Fanya hivi, na uanze leo. Kata wavu, weka mfuniko, tundu la waya wa pampu na mpira linatosha kwa hewa. Pampu inayapa maji hewa ya kutosha, jua halikualikwa. Tengeneza kivuli juu ya mapipa. Maji yakipungua, pipani au tangini, jazia maji matupu kutoka pipa lako la kushoto, ndiyo kazi yake. Ile ndoo ya chumvi ni ya siku unapotoa maji machafu na kuweka mapya, si siku nyingine. Tangi la sebuleni usilishushe chumvi kwa pupa ukammaliza Bosi. Punguza kidogo kidogo, upime, ungoje, upunguze tena.

Jukwaa mwite fundi wako alisogeze. Ukuta wa nyuma haukosi nafasi ya mapipa mawili na kiti kimoja, na kiti kiwekwe kwanza.

Kikao cha ukoo usiitishe. Uliwashtaki jikoni, basi kawaombe radhi jikoni, wote wawili wakiwa pale. Mke wako umwombe kwa kosa lake mwenyewe, usimchanganye kwenye fungu la mama yake. Usiseme "kama nimewakosea". Umewakosea. Huenda mama akakujibu haidhuru, na safari hii umwamini, lakini usimwache aondoke Jumapili kwa sababu tu amesema hivyo. Begi lake lifungue wewe mwenyewe kwa ruhusa yake, urudishe nguo kabatini.

Kitambaa kitoe kwenye droo, ukifue kwa mikono yako, kwa maji ya pipa la kushoto. Kikikauka kikunje, umpelekee mama mwenyewe. Akikuuliza kilikuwa wapi siku zote, usimdanganye. Mwambie ulikificha ili kimfunge, na ndicho kilichomtetea.

Shangazi