Paa la Elinami

Rafiki yangu Elinami,

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe, maana sehemu ya hasira hii ni yako.

Jana gari la Kiamerika liliingia Moshi, likasimama pale kwa Mhindi wa petroli. Dereva akabonyeza kitufe. Buti likafunguka lenyewe, kisha paa, bati tupu, siyo turubai, likainuka, likajikunja ncha ya mbele, likazama butini. Sokoni hakubaki mtu, wote walikuja kushangaa. Mimi sikushangaa. Paa hilo nililiona zamani, mikononi mwako.

Unamkumbuka yule Mzungu mwenye shamba la kahawa, tuliyemwita Bwana Miwani. Kila masika nilimshonea gari lake turubai jipya, na kila masika lilivuja palepale anapokaa. Ndipo ukaja na mabati yako, ukauchukua mkasi wangu, ukaufungua na kuufunga mpaka nikakereka. "Mussa," ukasema, "paa langu limo kwenye huu msumari wa katikati." Nikakucheka. Nikakuambia bati si kitenge, halikunjwi. Mdomo wangu huu! Miezi mitatu baadaye ulivuta mpini mmoja tu, paa likajikunja kwenye bawaba, likalala butini. Pale penye kiungo ulibana mpira wa tyubu. Tulilimwagia ndoo sita za maji, halikupita hata tone.

Mwenye gereji ananiambia Wafaransa walikuwa nalo kabla ya vita. Haya, na wawe nalo. Sisemi ulikuwa wa kwanza duniani, nasema hukuonyeshwa na mtu.

Bwana Miwani akalipeleka Nairobi kwenye maonyesho, akarudi na kikombe chenye jina lake. Na wewe, Elinami, na wewe! Ulipopanda kwenda kumwuliza kwa nini jina lako halimo, alitoka na jani la sale, amelifunga fundo kama alivyoona kwa vibarua wake, akakunyooshea. Ukalipokea. Ukarudi kuniambia kwamba Mchagga akiletewa sale amesamehe, hata kama ameuliwa ndugu, na neno lile halisemwi tena. Nikakuuliza, yule amekuwa Mchagga tangu lini? Amelichuma mpakani mwa shamba, kwake ni jani tu. Ukakaa na kimya chako mpaka kifua kikakuondoa, na mimi ukaniacha nimezibwa mdomo kwa heshima yako.

Basi jana alikuwapo, mzee sasa, na fimbo. Akawaambia watu Waamerika wamechelewa, yeye alilitengeneza paa hilo zamani. Nikapenya katikati ya watu nikasema, "Bwana, aliyelitengeneza amelala Mwika, chini ya migomba." Akanitazama, akaingia garini mwake, akaenda zake.

Leo asubuhi mpishi wake amekuja dukani kwangu. Ameleta jani la sale lenye fundo. Eti nilipeleke kaburini kwako.

Mara ya pili, Elinami! Mtu mmoja, kosa moja, jani lilelile.

Sikulitupa. Lakini sikuletei pia. Wewe sale ilikufunga kwa sababu ulizaliwa imepandwa mlangoni kwenu. Mimi mama yangu ni wa Pangani na baba yangu Mmanyema, hainifungi. Nimemtuma mpishi amwambie: siku atakaposimama palepale kwa Mhindi akalitaja jina lako na la baba yako, watu wakisikia, nitapanda mwenyewe mpaka Mwika nikulazie jani lake kichwani. Asipofanya, litakaukia hapa mezani, nami nitamsimulia kila anayeleta turubai kwamba paa ni lako, mpaka nije huko uliko. Nakuahidi hilo, na usinikasirikie.

Halafu kuna la kwangu. Siku ile ya mkasi nilikucheka, na sijawahi kukuomba radhi. Sina sale ya kukuletea, ndugu yangu. Nakuomba kwa mdomo wangu huuhuu uliokucheka. Nisamehe. Ulale salama, fundi.

Mussa wako